Msafara Ndani ya Kompyuta: Jinsi Mwendo wa Watu Unavyoigwa ili Kupima Mitandao Isiyo na Waya

Katika mwaka 1871 palikuwa na mfuko wa barua uliolala Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, ukingoja mtu wa kuupeleka mbele. Juu yake ilikuwa imeandikwa tarehe ya Novemba 1, 1870, na mwenyewe alikuwa Dk. David Livingstone, msafiri aliyekuwa akitazamiwa kufika Ujiji, penye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Msafara ulioutoa mfuko huo Unguja ulikawia kwanza Bagamoyo. Ulipofika Unyanyembe ukakwama, kwa kuwa vita baina ya Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Hatimaye mfuko ulichukuliwa na msafara wa Henry Morton Stanley, ambao uliondoka Kwihara Septemba 20, 1871, ukazunguka upande wa kusini ili kuepukana na vita, na ukafika Ujiji mwezi wa Novemba. Barua zile zilikuwa zimechukua mwaka mmoja hivi kumfikia mwenyewe.

Mhandisi wa mawasiliano wa siku hizi akiisoma habari hii huona ndani yake jambo analolifahamu vizuri. Ujumbe umetoka kwa mtumaji; umebebwa na chombo kinachotembea; umewekwa mahali pa makutano mpaka kipatikane chombo kingine; njia imefungwa, ukapitishwa njia nyingine. Iko mitandao ya leo isiyo na waya ambayo hufanya kazi kwa utaratibu huo huo. Katika mitandao hiyo simu, redio ndogo au kifaa kilichofungwa juu ya basi hupokea ujumbe, huuhifadhi, huubeba, na huukabidhi kwa kifaa kingine vikutanapo.

Swali la mhandisi ni hili: kabla ya kutumia fedha nyingi kuujenga mtandao wa namna hiyo, atajuaje kama ujumbe utafika, na utafika baada ya muda gani? Jibu lake linategemea jambo moja ambalo kwa muda mrefu lilidharauliwa, yaani namna watu wanavyotembea. Makala haya yanaeleza jinsi mwendo huo unavyoigwa ndani ya kompyuta, makosa yaliyofanyika katika kuuiga, na kwa nini njia ya zamani ya misafara inayopita Tabora ni mwalimu mzuri katika somo hili.

Kwa nini mwendo uigwe

Mawasiliano yasiyo na waya hutegemea umbali. Mnara wa simu wa aina ya GSM, kwa jinsi saa zake za kupokea na kutuma zilivyopangwa, kwa kawaida hauwezi kumhudumia mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 35. Vifaa vidogo vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, bila mnara, huweza kusikilizana kwa makumi ya mita tu au pungufu. Kwa hiyo kila mtu anapopiga hatua, hali ya mtandao hubadilika: kiungo kimoja hukatika na kingine huzaliwa. Mwenye simu akisafiri, mnara mmoja hauna budi kumkabidhi kwa mnara mwingine, na makabidhiano hayo yasipofanyika kwa wakati, mazungumzo hukatika.

Kulijaribu jambo hili kwa vitendo ni kazi kubwa. Mtafiti angehitaji kuwakodi watu mia tano, kumpa kila mmoja kifaa, na kuwaamuru watembee huko na huko kwa siku nyingi. Kisha, akitaka kubadilisha kanuni moja tu ya mtandao, awaamuru waanze upya. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa kwa uigaji. Kuiga, katika sayansi, ni kuunda mfano wa jambo ndani ya kompyuta kwa kufuata hesabu, kisha kuuacha mfano huo uende wenyewe huku mtafiti akipima yanayotokea. Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Mojawapo, iitwayo ns-3, hutolewa bila malipo na hutumiwa katika vyuo vikuu vingi duniani.

Uigaji wa mtandao usio na waya una sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni mawimbi: redio inafika wapi na inazuiwa na nini. Ya pili ni kanuni za mawasiliano: nani anamkabidhi nani ujumbe, na kwa utaratibu gani. Ya tatu ni mwendo wa vifaa. Seti ya kanuni zinazoiambia kompyuta kila kifaa kiende wapi, kwa kasi gani na kipumzike muda gani, ndiyo huitwa kielelezo cha mwendo. Sehemu mbili za kwanza zikiwa sahihi kabisa na hii ya tatu ikawa ya uongo, matokeo yote huwa ya uongo.

Matembezi ya mtu asiye na safari

Kielelezo rahisi kuliko vyote ni kile cha matembezi ya nasibu. Katika mwaka 1905 mwanahisabati Mwingereza Karl Pearson aliuliza swali katika jarida la Nature: mtu akipiga hatua za urefu mmoja, na kila mara akageukia upande wowote bila kuchagua, baada ya hatua nyingi atakuwa umbali gani kutoka alipoanza? Swali hilo lilihusiana na utafiti wa Ronald Ross, yule daktari aliyegundua kwamba malaria huenezwa na mbu, naye alitaka kujua mbu huenea umbali gani kutoka mazalio yao. Jibu ni kwamba umbali huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya hatua. Baada ya hatua 100, mtembezi huyo kwa kawaida yuko umbali wa hatua 10 hivi tu kutoka alipoanza.

Jibu hilo na lipimwe juu ya njia ya misafara. Mpagazi na aondoke Bagamoyo akiwa na mwendo wa kilomita 15 kila siku, lakini kila asubuhi achague upande wa kwenda kwa kurusha dadu. Baada ya siku 134 atakuwa, kwa makadirio, kilomita 174 kutoka Bagamoyo. Asingefika hata Mpwapwa. Huyu si msafiri bali ni mtu aliyepotea. Mbu na chembe za vumbi ndani ya maji huweza kuelezwa hivyo, lakini mtu mwenye mzigo kichwani na soko mbele yake hawezi.

Msafiri wa vituo vya nasibu

Watafiti wa mitandao walitafuta kielelezo bora kidogo. Mwaka 1996 David Johnson na David Maltz wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walieleza utaratibu ambao baadaye ulienea kote. Kila kifaa huchagua kwa nasibu mahali popote katika eneo la jaribio, huchagua kwa nasibu mwendokasi, huenda moja kwa moja mpaka mahali hapo, hupumzika kidogo, kisha huchagua mahali pengine na kuanza tena. Kwa ufupi, huyu ni msafiri wa vituo vya nasibu. Ana nia ya kufika mahali, nalo ni jambo la kusifiwa. Makala mengi ya kisayansi yaliandikwa kwa kumtegemea yeye. Hata hivyo, ana kasoro mbili zilizojificha, na zote mbili zinaweza kuelezwa bila hisabati ngumu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba msafiri huyu hupenda katikati. Atokaye pembeni mwa eneo, akichagua mahali popote, mara nyingi njia yake itapita katikati. Kwa hiyo, hata kama vituo vyenyewe vimetawanywa sawasawa, watu wanaoonekana njiani hurundikana katikati na pembe hubaki tupu.

Reli ya Kati inatoa mfano ulio wazi. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na urefu wake kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Kompyuta na iambiwe kwamba wasafiri wote huchagua vituo kwa nasibu juu ya mstari huo, bila kupumzika. Urefu wote ukihesabiwa kuwa 1, msongamano wa watu mahali palipo umbali x kutoka mwanzo huwa 6x(1 − x). Mwanafunzi akiweka x = 0 au x = 1 atapata sifuri; akiweka nusu atapata 1.5, yaani mara moja na nusu ya wastani. Mwenye kujua hesabu ya mkusanyo ataona pia kwamba theluthi ya katikati peke yake hubeba 13/27 ya wasafiri wote, yaani karibu asilimia 48.

Theluthi hiyo ya katikati iko wapi? Inaanzia mashariki kidogo ya Dodoma, inapita Manyoni na Itigi, na inaishia karibu na Tabora. Humo ndimo ilimokuwa Mgunda Mkali, nyika kavu baina ya Ugogo na Unyamwezi ambayo misafara iliiogopa kwa ukosefu wa maji na kuivuka kwa haraka kadiri ilivyowezekana. Basi kielelezo kinadai kwamba karibu nusu ya watu wote wako katika kipande hicho cha njia, na kwamba Dar es Salaam na Kigoma karibu hazina mtu. Mpanga mitandao akikifuata bila kufikiri, ataijenga minara yake kwenye vichaka vya Itigi na kuliacha jiji kubwa kuliko yote nchini bila huduma.

Kasoro ya pili ni ya wakati. Wasafiri na waende safari za kilomita 20 kila moja. Nusu ya safari hufanywa kwa kilomita 4 kwa saa, na nusu kwa kilomita 1 kwa saa. Wanafunzi wengi watasema wastani ni 2.5. Lakini safari ya haraka huchukua saa 5, na ya polepole saa 20. Katika kilomita 40 zitumiapo saa 25, wastani wa kweli ni kilomita 1.6 kwa saa. Zaidi ya hayo, mtu atakayeitazama njia wakati wowote atakuta wanne kati ya kila watano ni wale wa polepole, kwa kuwa mwenye mwendo wa kinyonga hukaa njiani muda mrefu zaidi.

Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Uigaji ukianza, kasi zinakuwa mchanganyiko mzuri. Kadiri muda unavyopita, wenye kasi hufika na kuchagua upya, na kila aliyeangukia kasi ndogo hunaswa humo. Ikiwa kasi inaruhusiwa kukaribia sifuri, wastani wa mwendo wa kundi zima huendelea kushuka bila kutulia. Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 2003 na Jungkeun Yoon, Mingyan Liu na Brian Noble wa Chuo Kikuu cha Michigan. Dawa yake ni rahisi: kuweka kasi ya chini iliyo juu ya sifuri, na kutohesabu matokeo ya mwanzo mpaka hali itulie.

Yafaa ieleweke kwa nini kasoro hizi ni za hatari. Vifaa vikirundikana katikati, kila kimoja hupata majirani wengi. Vikienda polepole, viungo hudumu muda mrefu. Mtandao huonekana imara kuliko utakavyokuwa nje ya maabara, na mhandisi huridhika. Gharama ya kuridhika huko hulipwa baadaye na mtu aliye kijijini ambaye ujumbe wake haufiki.

Mwendo wa miguu na mwendo wa safari

Njia ya misafara inafundisha nini badala yake? Somo la kwanza ni la kupumzika. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, na wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 7, siku ya 134 ya safari. Umbali ulikadiriwa kuwa maili 600, sawa na kilomita 960 hivi. Mtu akitembea kilomita 4 kwa saa bila kusimama, umbali huo humalizika kwa saa 240, yaani siku 10. Msafara ulichukua siku 134, ambao ni wastani wa kilomita 7 kwa siku nzima.

Tofauti kati ya siku 10 na siku 134 haikutokana na miguu. Ilitokana na kambi, na magonjwa, na kungoja wapagazi, na kujadiliana juu ya hongo iliyotozwa na watawala wa njiani, na kununua chakula. Katika lugha ya uigaji, muda wa mapumziko ni sehemu kubwa ya mwendo kuliko mwendo wenyewe. Kielelezo kinachojali kasi na kupuuza vituo kimeacha sehemu kubwa ya safari.

Somo la pili ni la maji. Kambi hazikuwekwa popote, bali penye kisima, kijito au kijiji chenye chakula. Palipokosekana maji, wapagazi walifanya mwendo ulioitwa terekeza: waliondoka mchana, wakalala njiani pakavu, na kesho yake wakafika majini. Kwa hiyo mapumziko yana mahali pake, na mahali hapo panajulikana kabla.

Somo la tatu ni la majira. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi waliteremka pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi mapema ili wawahi kulima. Hata leo maisha ya mkoa wa Tabora yana majira yake. Wafugaji wa nyuki huingia katika misitu ya miombo na kukaa kambini wakati wa kurina asali. Wakulima wa tumbaku husongamana penye masoko msimu wake unapofika. Mtandao uliopimwa kwa mwendo wa mwezi mmoja waweza kushindwa mwezi mwingine.

Kirangozi na watu wake

Somo la nne ni kwamba watu hawatembei peke yao. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera. Nyuma yake walifuata wapagazi, kila mmoja kwa nafasi yake, wengine wakienda mbele kidogo na wengine wakichelewa, lakini wote wakifuata njia moja na kulala kambi moja. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa kielelezo cha mwendo wa kikundi ambacho kimejengwa hivyo hivyo. Kikundi kina nukta moja ya kuongoza, na kila mwanakikundi huwa mahali fulani karibu na nukta hiyo, akiwa na uhuru mdogo wa kwenda huku na huku. Mzee yeyote wa Unyamwezi angeitambua nukta hiyo.

Faida yake inaonekana leo katika basi. Basi la abiria 60 likitoka Tabora kwenda Manyoni huvuka mpaka wa eneo la mnara mmoja na kuingia eneo la mnara mwingine. Katika sekunde chache simu 60 huomba kupokewa kwa pamoja. Katika treni huweza kuwa mamia. Kielelezo kinachomwendesha kila mtu peke yake hakiwezi kamwe kuonyesha msongamano huo, kwa kuwa kinawafikisha watu mpakani mmoja mmoja. Mnara uliopangwa kwa kielelezo hicho utakuwa na nafasi za kutosha kwenye karatasi tu.

Punda milia wa Laikipia

Afrika Mashariki imeshuhudia pia jaribio mashuhuri la aina hii kwa wanyama. Katika mradi ulioitwa ZebraNet, wahandisi na wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia kola zenye redio na vifaa vya kutambua mahali, katika eneo la Laikipia nchini Kenya. Huko porini hapakuwa na mtandao wa kuzikusanya habari hizo. Ilipangwa kwamba punda wawili wakikaribiana, kola zao zibadilishane kumbukumbu zote. Mtafiti akipita na gari, akimkuta mmoja tu, apate na habari za wengine. Kola za kwanza zilivishwa Januari 2004.

Kabla ya hapo mradi uliigwa katika kompyuta, na waigaji hawakumtumia msafiri wa vituo vya nasibu. Waliwauliza wanabiolojia waliokwisha kuwatazama wanyama hao kwa muda mrefu. Walipata aina tatu za mwendo, yaani kula majani mahali pamoja, kula huku wakitembea, na kwenda kwa haraka, pamoja na safari za kwenda kunywa maji. Wakajua pia kwamba dume na majike yake hukaa pamoja, hivyo kumvisha kola mmoja wao kwatosha. Funzo lake ni kwamba kielelezo kizuri huanzia kwa mtu anayemjua msafiri.

Nyayo za simu

Kwa wanadamu, simu zenyewe zimekuwa mashahidi. Kila simu inapotumika, kampuni huandika ni mnara gani ulioihudumia. Mwaka 2008 Marta González, César Hidalgo na Albert-László Barabási walichapisha uchunguzi wa watu 100,000 kwa muda wa miezi sita, majina yao yakiwa yamefichwa. Waligundua kwamba watu hawatembei kama chembe za vumbi. Kila mtu ana mahali pachache anaporudia mara kwa mara, na safari ndefu ni za nadra.

Maarifa haya yametumika nyumbani kwetu Afrika Mashariki kwa jambo kubwa kuliko simu. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, kumbukumbu za simu za miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2008 zilitumiwa kukadiria malaria ingeweza kuingia Zanzibar kwa njia ya wasafiri, na ikaonekana kwamba wengi waliotoka visiwani walikwenda Dar es Salaam kwa muda mfupi. Mwaka 2012 Amy Wesolowski na wenzake walichapisha uchunguzi wa simu karibu milioni 15 na minara 11,920 nchini Kenya, wakaonyesha jinsi vimelea vya malaria vinavyosafirishwa na watu kutoka eneo la Ziwa Victoria hadi Nairobi. Swali la Ross juu ya mbu limejibiwa kwa kumfuata mtu.

Lakini kumbukumbu hizi zina mipaka miwili. Kwanza, mwenye simu si watu wote. Mtoto hana simu, na katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na jamaa kadhaa. Pili, nyayo za mtu ni mali yake. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba, katika kumbukumbu za watu milioni moja na nusu zisizo na majina, kujua mahali na saa nne tu alipokuwa mtu kunatosha kumtambua katika asilimia 95 ya watu hao. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na mtafiti hana budi kuifuata. Hii ni sababu nyingine ya kuthamini uigaji: kielelezo kizuri huonyesha mwendo wa umma bila kufichua nyayo za mtu mmoja.

Jaribio la darasani

Uigaji haukuanza na kompyuta, na shule isiyo na kompyuta yaweza kuufanya. Yanahitajika karatasi yenye miraba 10 kwa 10, kokoto sita, na sarafu mbili.

Mraba mmoja wa ukingo wa kulia na uitwe Bagamoyo, na ule ulio mkabala wake upande wa kushoto uitwe Ujiji. Kokoto moja iwekwe Bagamoyo, nayo ndiyo yenye barua. Nyingine zitawanywe popote. Katika kila zamu sarafu zote mbili zirushwe kwa ajili ya kila kokoto. Matokeo manne yanayowezekana yawe kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na kokoto isogee mraba mmoja. Ikielekezwa nje ya karatasi, ibaki ilipo. Kokoto mbili zikiwa katika mraba mmoja au miraba inayopakana, barua inaweza kunakiliwa kwa kokoto ya pili. Zihesabiwe zamu mpaka kokoto yoyote yenye barua ifike Ujiji.

Kisha jaribio lirudiwe kwa kanuni za msafara. Kokoto zote ziwekwe juu ya safu moja inayounganisha Bagamoyo na Ujiji. Kila moja iende mbele bila kugeuka mpaka mwisho wa safu, ipumzike zamu tatu, kisha irudi. Mwishowe mraba mmoja wa katikati ufungwe kwa zamu 15, kama vita vya Mirambo vilivyoifunga njia, na zamu zihesabiwe tena. Kila jaribio lifanywe mara kumi na wastani utafutwe. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba idadi ya kokoto na umbali wa kusikilizana havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mwendo tu, na muda wa barua ukabadilika pamoja nao.

Mfuko uliolala Unyanyembe

Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili huduma ifike kule ambako biashara peke yake haiwezi kuipeleka. Kila mnara unaojengwa kwa fedha za umma katika misitu ya Sikonge au Kaliua ni uchaguzi: umewekwa hapa, maana yake haukuwekwa kule. Mrina asali aliyeumwa na nyoka kambini, au mama aliyeshikwa na uchungu usiku, hatasaidiwa na mtandao uliofaulu vizuri katika eneo la mraba lisilo na barabara, wala kisima, wala majira.

Mfuko wa Livingstone haukulala Unyanyembe kwa sababu umbali wa Ujiji ulikuwa haujulikani. Umbali ulijulikana, na kasi ya mpagazi ilijulikana. Kilichouchelewesha ni mambo ambayo hakuna dadu iwezayo kuyabuni: kukawia Bagamoyo, na njia iliyofungwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyajua mambo hayo kwa kuyatembea. Mwanafunzi wa Tabora anayejua leo basi la kijiji chao huondoka lini, hupumzika wapi, na barabara gani hukatika masika, tayari anazo habari ambazo kielelezo cha mwendo kinazihitaji kwanza. Kilichobaki ni kuzigeuza kuwa hesabu.